Shajara ya Mradi: Kupanga Bei ya Kazi ya Kukausha Wanyama

Januari: msingi wa hesabu

Shajara hii inafuatilia jambo moja tu, nalo ni kupata bei. Ufundi wenyewe wa kukausha wanyama, yaani kuhifadhi ngozi ya mnyama aliyekufa na kuivisha juu ya umbo ili aonekane kama yu hai, ambao wengine huuita taksidemia, nimeufanya kwa miaka kadhaa kama burudani ya jioni na ya mwisho wa juma, na wale walioniomba niwatengenezee kindi, sungura au njiwa wamekuwa wakinirudishia gharama ya vifaa na kuongeza shukrani. Sasa shughuli hiyo inageuka kuwa biashara ya pembeni, na kila anayenitafuta huuliza bei kabla hata ya kueleza anataka mnyama wake asimameje.

Gharama ya vifaa haiwezi kuendelea kuwa kipimo, kwa sababu katika kazi hii vifaa ndivyo sehemu ndogo kuliko zote. Mteja huona macho ya kioo, uzi, waya na kitako cha mbao, akadhani ameona kila kilichotumika. Hakuona usiku uliopotea katika kukwangua mafuta kwenye ngozi isiyozidi upana wa kiganja. Bei itakayodumu ni lazima ianzie kwenye saa za kazi, kisha vifaa vifuate nyuma yake.

Ili hesabu zisiyumbishwe na sarafu wala na kupanda kwa bei za bidhaa, ninaziandika zote kwa ujira. Ujira 1 ni kiasi ambacho ningekubali kulipwa kwa saa moja ya kazi nyingine yoyote ya ufundi ninayoiweza. Mwisho wa mradi nitazidisha mara moja tu kuipata fedha halisi, na ujira ukibadilika, orodha nzima itabadilika nao bila kuandikwa upya.

Nimeweka pia mpaka wa kazi zenyewe: ndege na wanyama wadogo wanaotosha juu ya meza ya kazi, pamoja na mafuvu. Vichwa vya wanyama wakubwa vinahitaji nafasi, mapipa na nguvu za mikono ambazo sina, na kuvipangia bei kabla ya kuwa na uwezo wa kuvitengeneza ni kujidanganya.

Februari: saa zilikokwenda

Kila kazi sasa ina karatasi yake yenye safu tatu. Safu ya kwanza ni saa za mikono: kuchuna, kukwangua, kuosha, kudabighi ngozi (kuitia dawa isioze), kuandaa umbo, kuvisha, kushona, kuweka macho na kupaka rangi. Safu ya pili ni saa za kuangalia, maana mnyama aliyekwisha kuvishwa ngozi hukauka kwa majuma kadhaa, na katika muda huo ngozi husinyaa kuzunguka macho, midomo na masikio. Dakika 5 kwa siku za kurekebisha pini na kukandamiza ukingo wa kope zinaonekana hazina uzito, lakini kwa majuma mawili zimeshapita saa 1. Safu ya tatu ni saa zisizomgusa mnyama kabisa: kujibu maswali, kupiga picha, kutafuta macho ya ukubwa unaofaa, kufungasha na kusafisha meza.

Safu hiyo ya tatu ndiyo iliyobadilisha hesabu yote. Katika kila saa 10 ninazoweza kuitolea biashara hii kwa juma, zipatazo 6.5 tu ndizo zinazoishia juu ya mnyama. Kama ninataka saa 10 zilete ujira 10, basi kila saa ya mikono lazima itozwe takriban ujira 1.5. Mtu anayetoza ujira wake wa kawaida kwa saa za mikono peke yake anafanya thuluthi ya kazi yake bure, na hatajua kwa nini anachoka kuliko anavyolipwa.

Jambo la pili lililojitokeza katika karatasi hizo ni kwamba ukubwa wa mnyama hausemi mengi kuhusu saa zake. Watu wengi huanza kwa kupanga bei kwa ukubwa: kidogo kwa bei ndogo, kikubwa kwa bei kubwa. Kwa wanyama wa mezani mpango huo haushiki. Kindi ana ngozi imara inayovumilia kuvutwa, na mtu mwenye uzoefu wa wastani humkamilisha kwa saa zipatazo 9. Sungura ni mkubwa kuliko kindi, na mtu angetarajia awe rahisi zaidi kwa sababu vidole vina nafasi, kumbe ngozi yake huchanika kwa urahisi na kila mpasuko hudai kushonwa kutoka ndani kabla ya kuendelea. Njiwa ni mdogo kuliko wote wawili na ndiye anayenila saa nyingi kuliko wote wawili. Ngozi yake ni nyembamba kama karatasi iliyolowa, na manyoya yake yameshikwa kidogo sana, kiasi kwamba kidole kikikaza mahali pasipofaa huondoka na fungu zima ambalo baadaye litabandikwa unyoya mmoja mmoja. Kazi ya njiwa hunichukua kama saa 11. Ndege mwingine mwenye ngozi yenye nguvu, kwa mfano kwezi, hukamilika kwa saa 8.

Bata ana shida ya namna yake. Ngozi yake ni imara, lakini mafuta yamejaa katikati ya mizizi ya manyoya, na yasipoondolewa yote kwa brashi ya waya na kuoshwa kwa sabuni mara kadhaa, hubaki ndani, hugeuka tindikali kadiri miaka inavyopita, huila ngozi na kutokeza nje kama madoa ya manjano. Fundi anayetaka kuuza bata kwa bei ya chini anaweza kufupisha hatua hii, na mteja hatajua lolote siku ya kuchukua kazi yake. Nimeamua kwamba hatua ambazo mteja haoni ndizo za kwanza kuingizwa kwenye bei, kwa kuwa ndizo za kwanza kushawishi mtu kuziruka bei inapokuwa finyu.

Machi: vifaa na gharama za kudumu

Chumvi, boraksi, tindikali ya kuloweshea ngozi, dawa ya kudabighi, gundi, epoksi, waya, uzi, pamba, rangi. Vyote hivi hununuliwa kwa wingi na kutumiwa kidogo kidogo, na kuvipima kwa kila kazi kungegharimu muda mwingi kuliko thamani yake. Nimeviweka katika kiwango kimoja cha kudumu kwa kila kundi la wanyama. Vinavyoandikwa kwa jina na kulipiwa kwa gharama kamili ni viwili tu: macho ya kioo na umbo la povu gumu la kununua.

Kuhusu umbo kuna uamuzi wa bei uliojificha. Umbo la dukani huokoa saa, lakini limetengenezwa kwa vipimo vya mnyama wa wastani, na mnyama aliyeko mezani mara nyingi hana habari na wastani huo. Kulipunguza kwa tupa, kulikata shingo na kuliunganisha upya kwa pembe nyingine, kisha kujaza mapengo kwa udongo wa kufinyanga, kunaweza kumaliza saa zote zilizookolewa. Kwa ndege bado ninafunga kiwiliwili mwenyewe kwa nyuzi za mbao zilizobanwa kwa uzi, nikifuata vipimo vya mwili uliotolewa ndani ya ngozi ileile. Ni polepole kidogo, lakini saa zake hutabirika, na katika kupanga bei saa inayotabirika ni bora kuliko saa chache zisizojulikana.

Friza ndiyo gharama ya kudumu iliyonisumbua zaidi, kwa sababu inakula umeme hata juma ambalo sijagusa kisu. Nimechukua umeme wake wa mwaka pamoja na uchakavu wake, nikaugawa kwa nafasi inayotumika kwa kweli na si kwa ujazo wote wa friza, kwa kuwa nusu iliyo tupu haina mteja wa kuilipia. Kila mfuko unaokaa humo sasa una tarehe ya kuingia. Visu, glavu, vinyago vya kupumulia na kipulizio cha rangi vimeingizwa katika fungu hilohilo. Kodi na bima vitaingia kwa asilimia vitakapohitajika, na havihitaji maelezo zaidi hapa.

Kwa mfano wa kindi, hesabu inasimama hivi: saa 9 za mikono kwa ujira 1.5 ni 13.5, vifaa ni 1.5, gharama za kudumu ni 1, jumla ni ujira 16. Kwa njiwa, saa 11 zinatoa 16.5, vifaa ni 1, gharama za kudumu ni 0.5, jumla 18. Hizi bado si bei. Kuna kitu hakijaingia.

Aprili: kazi inayoharibika

Ngozi hufa kabla ya kufika mezani. Bakteria huanza kazi mara tu mnyama anapokufa, hulegeza mashina ya nywele, na mtu hagundui mpaka ngozi imeloweshwa na nywele za tumbo zinatoka mkononi. Kwa ndege, tumbo lililogeuka kijani ni onyo la kutosha. Wakati mwingine dalili hazionekani kabisa, na saa 4 za mikono zinakuwa zimeshaingia kabla ya jibu kupatikana.

Hasara hii lazima ilipwe na mtu, na kwa kuwa mteja ambaye kazi yake imeharibika hawezi kutozwa bei kamili, wanaoilipa ni wateja ambao kazi zao zimefaulu. Hesabu yake ni nyepesi ikishaandikwa. Kama kazi 1 kati ya 8 huharibika, kazi 7 zilizobaki ndizo zinazobeba mzigo wa ile ya nane, yaani karibu asilimia 14, ninaweka 15. Kwa njiwa, ambako ninatarajia kupoteza 1 kati ya 5, kazi 4 hubeba moja, na akiba inakuwa asilimia 25. Hesabu hii inachukulia kwamba kazi iliyoharibika imepotea yote, jambo ambalo si kweli kila mara, na ziada hiyo nimeiacha makusudi.

Bei sasa zinaonekana. Kindi: 16 na akiba ya 2.4, jumla ujira 18.4. Njiwa: 18 na akiba ya 4.5, jumla 22.5. Kwezi wa saa 8, kwa vifaa na gharama za kudumu kama za njiwa na akiba ya asilimia 15, anafika 15.5. Vifaa vya kindi, vile ambavyo hapo awali ndivyo pekee nilivyokuwa nikirudishiwa, ni asilimia 8 tu ya bei yake. Nimeitazama asilimia hiyo mara nyingi mwezi huu.

Akiba haipaswi kuwa kibali cha kupokea chochote. Nimeandika masharti ya kupokea mnyama, ambayo mteja anapewa kabla hajaleta: apoozwe mara moja, asitumbuliwe, asioshwe, manyoya yalazwe kwa mwelekeo wake, mkia unyooshwe, afungwe ndani ya mfuko uliobanwa hewa yote itoke, kisha agandishwe. Miguu, masikio na mdomo hukauka kwanza ndani ya friza, kwa hiyo karatasi yenye unyevu juu ya sehemu hizo husaidia. Mnyama akifika, ninamkagua mara tu anapoyeyuka, na ukaguzi huo una ada yake ndogo isiyorudishwa, ambayo huingizwa kwenye bei kazi ikikubaliwa. Nusu ya bei hulipwa kabla ya kisu kugusa ngozi. Ikiwa ngozi itashindwa baada ya hapo, ninarudisha nusu hiyo baada ya kutoa ada ya ukaguzi na vifaa vilivyokwisha kutumika, na saa zangu zinabebwa na akiba. Mpangilio huu ninauona wa haki kwa pande zote mbili: mteja hanunui kitu ambacho hakipo, nami silipi kwa mnyama aliyekaa juani mchana kutwa kabla ya kuletwa.

Mei: visivyoweza kuwa na bei

Mwezi huu sikukausha kitu, nimesoma sheria. Mkataba wa CITES ulitiwa saini mwaka 1973 na kuanza kutumika mwaka 1975, na unasimamia biashara ya kimataifa ya spishi zilizo katika orodha zake, ikiwa ni pamoja na sehemu zao na bidhaa zitokanazo nazo. Ngozi iliyokaushwa ni mojawapo. Chini ya mkataba huo, kila nchi ina sheria zake za ndani, na mara nyingi hizo ndizo kali zaidi. Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1918 ya ndege wahamao inakataza kumiliki na kuuza ndege wengi wa mwituni hata kama mtu amemwokota akiwa amekufa kando ya barabara, na fundi anayemkaushia mtu mwingine ndege wa aina hizo anahitaji kibali. Kwamba mnyama hakuuawa na mwenye kumleta si hoja inayotosha.

Athari yake kwa bei ni ya namna mbili. Kuna wanyama ambao hawawezi kuuzwa lakini mwenyewe aliye na haki ya kuwamiliki anaweza kukaushiwa. Hapo ninachouza ni kazi ya mikono tu, na ankara inapaswa kusema hivyo. Kuna pia wanyama wanaohitaji nyaraka, na muda wa kuzihakiki ni kazi. Nimeufanya mstari wake pekee kwenye orodha, ukitozwa kwa saa, badala ya kuusambaza kimyakimya kwa wateja wote. Aliyeleta jogoo wa kufugwa hana sababu ya kuchangia uchunguzi wa asili ya kozi wa mwituni. Mnyama asiye na maelezo yanayoeleweka ya alikotoka hapewi bei yoyote, hata ya kukisia, kwa sababu bei ikishatajwa mazungumzo hugeuka kuwa ya kupatana.

Nimeondoa pia ukarabati wa kazi za kale. Sabuni ya aseniki, iliyobuniwa na Jean-Baptiste Bécoeur katika karne ya 18, iliendelea kutumiwa na mafundi hadi ndani ya karne ya 20 ili kuzuia wadudu, na vumbi linalotoka kwenye ngozi iliyotiwa dawa hiyo bado ni sumu. Kupima, kujikinga na kutupa taka zake kwa usalama kungepandisha bei hadi mahali ambapo hakuna mteja wangu angefika, na kufanya bila hivyo hakuwezekani.

Juni: je, mteja alipie kasi yangu ndogo?

Suala hili limenichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na bado sidhani lina jibu moja. Fundi anayeishi kwa kazi hii hukamilisha kindi kwa saa chache kuliko zangu. Nikitoza saa zangu zote kwa ujira kamili, nitakuwa ghali kuliko yeye kwa kazi ambayo, nikisema ukweli, ni duni kidogo kuliko yake. Nikishusha ujira ili bei ilingane, nitakuwa nimejipunja. Nikishusha zaidi ya hapo, kwa kuwa nina mshahara kwingine na sihitaji fedha hizi kulipia pango, nitakuwa ninaivuta chini bei ya mtu ambaye yeye analipia pango kwa fedha hizohizo.

Njia ninayoifuata ni kutenganisha saa za kazi na saa za kujifunza. Spishi ninayoigusa kwa mara ya kwanza hutozwa saa za spishi inayofanana nayo ambayo tayari ninaimudu, na zinazozidi ninazibeba mwenyewe kama ada ya shule. Spishi ninayoimudu hutozwa saa zake kamili bila kuona haya. Kisha ninailinganisha jumla na bei ya mafundi wa kazi kamili. Nikiwa chini yao kwa kiasi kidogo ninaridhika, kwa sababu mteja wangu pia anakubali kusubiri zaidi. Nikiwa chini sana ninapandisha. Nikiwa juu, nimeamua kutoipokea kazi ya aina hiyo na kumwelekeza mteja kwa fundi, mpaka saa zangu zipungue.

Kuna wanaosema kwamba mwenye kuanza anapaswa kuuza kwa bei ya chini ili ajulikane. Sikubaliani nao katika kazi hii. Mnyama aliyekaushwa hukaa sebuleni kwa miaka mingi, na wageni wanaomwona huuliza bei aliyonunuliwa. Bei ya kwanza inaendelea kusimuliwa muda mrefu baada ya mimi kuibadilisha. Zaidi ya hayo, bei ya chini huleta kazi nyingi kwa mtu mwenye saa 10 kwa juma, na friza iliyojaa kazi za bei mbaya haina nafasi ya kazi ya bei nzuri.

Julai: mafuvu

Ingizo fupi, kwa sababu hesabu yake ni njema. Fuvu lina saa chache za mikono na muda mrefu wa kusubiri. Mbawakawa walao nyama kavu husafisha mfupa bila usimamizi mwingi. Baada yao huja kulowesha kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ili mafuta yatoke, kazi inayoweza kuchukua majuma, kisha kung'arishwa kwa haidrojeni peroksaidi. Wanaochemsha huyapenyeza mafuta ndani ya mfupa, na wanaotumia dawa ya klorini ya kufulia huuharibu mfupa wenyewe ukaanza kumomonyoka. Kazi za namna hiyo huuzwa rahisi na zinastahili kuuzwa rahisi. Kwangu fuvu dogo lina saa 2 za mikono, hasara yake ni ndogo, na ndilo linaloacha ziada kubwa zaidi kwa saa. Limewekwa juu kabisa kwenye orodha.

Agosti: mbwa, paka na wengine wenye majina

Maombi ya kukaushiwa mnyama wa nyumbani yamekuwa mengi kuliko ya aina nyingine yoyote, na wanaoomba ndio wasiobisha bei. Mtu aliyefiwa na paka wa miaka mingi hukubali kiasi chochote siku ile. Hilo peke yake lilinifanya nisite.

Tofauti na kindi wa mwituni, ambaye hakuna aliyewahi kumtazama usoni kwa zaidi ya dakika moja, paka wa nyumbani ana sura ambayo mwenyewe anaijua kuliko mimi nitakavyoijua kamwe: namna sikio moja lilivyoegemea, uzito wa shavu, jicho alilofumba nusu alipokuwa ameridhika. Umbo la dukani halina lolote kati ya hayo. Picha husaidia kidogo, kwa kuwa nyingi zimepigwa kutoka juu. Baadhi ya mafundi hutumia mashine ya kukaushia kwa baridi na ombwe, ambayo huacha sehemu kubwa ya mwili wenyewe na hivyo hulinda sura vizuri zaidi, lakini mashine hiyo ni ghali, hufanya kazi kwa miezi, na mnyama aliyekaushwa kwa njia hiyo huvutia wadudu asipotunzwa vizuri.

Nilijaribu kuandika bei. Saa za mikono kwa paka nilizikadiria kuwa 25, na saa za mazungumzo, ambazo kwa kindi hufichwa ndani ya kile kizidisho cha 1.5, hapa zilistahili mstari wake kwa sababu mwenye mnyama huhitaji kupiga simu, kuuliza, kubadili mkao na wakati mwingine kubadili nia. Tatizo halikuwa kwenye saa. Lilikuwa kwenye akiba ya hasara. Kwa kindi, kazi imeshindwa pale ngozi inapoharibika. Kwa paka, kazi imeshindwa pale mwenyewe anapotazama na kusema huyu siye, na hakuna ukaguzi wa awali unaoweza kulitabiri hilo. Ningelazimika kukisia kwamba nusu ya kazi zingekataliwa, na akiba ingekuwa asilimia 100 juu ya bei. Bei hiyo ingelipwa, bila shaka. Lakini kila mteja aliyeridhika angekuwa amelipia huzuni ya mwingine, na mimi ningekuwa nimemtoza mtu kiasi hicho katika juma ambalo hana nguvu za kufikiri.

Uamuzi ni kutokausha wanyama wa nyumbani wakiwa wazima. Ninachotoa ni fuvu lililosafishwa, au ngozi iliyodabighiwa na kulainishwa bila kuvishwa umbo, kwa bei ya saa zile zile za wanyama wengine na bila nyongeza yoyote ya hali ya mteja. Mnyama hukaa kwenye friza kwa majuma mawili bila malipo kabla sijapokea fedha, ili mwenyewe akibadili nia achukue na kuzika. Wapo wanaonung'unika kwa kungojeshwa. Wengi zaidi wamerudi kumchukua, na hilo limenithibitishia kwamba muda huo ulihitajika.

Septemba: vitako na mandhari

Mteja mmoja aliniletea picha za ukumbi wa wanyama wa Afrika katika jumba la makumbusho la Marekani la historia ya viumbe mjini New York, akataka kwezi wake akae hivyo. Ukumbi ule una jina la Carl Akeley, fundi mashuhuri wa kukausha wanyama aliyefariki mwaka 1926, naye hakuuona ukifunguliwa mwaka 1936; ulijengwa na wachongaji, wachoraji na watengeneza majani kwa miaka mingi. Ombi lake lilikuwa la heshima, nami nililichukulia kama nafasi ya kupima jambo ambalo karatasi zangu hazikuwa nalo.

Tawi kavu lililosafishwa na kufungwa kwenye kitako ni nusu saa. Mwamba wa kubuni wenye kuvu na majani machache ya kutengenezwa ulipita saa zote za ndege aliyekaa juu yake. Kitako sasa kina ngazi tatu: ubao mtupu ulioingia ndani ya bei, tawi lenye bei ya kudumu, na mandhari inayotozwa kwa saa baada ya mchoro kukubaliwa. Kuba la kioo linauzwa kwa gharama yake na nyongeza ya asilimia 20, ambayo ni malipo ya hatari ya kulivunja kabla halijafika kwa mteja.

Oktoba: orodha imeanza kutumika

Orodha ina ukurasa mmoja. Haionyeshi ujira wala akiba. Inaonyesha kundi la mnyama, bei, muda wa kungoja, masharti ya kupokea, na ada ya hifadhi kwa kazi iliyokamilika isiyochukuliwa baada ya siku 30. Bei ya njiwa imezidi ya kindi, na karibu kila anayesoma huuliza kwa nini kitu kidogo kimezidi kikubwa. Ninamweleza habari za ngozi yake kwa sentensi mbili. Wengi huelewa, na wengine huleta kwezi.

Kupatana bei kupo, na sikukusudia kukuondoa. Nilichoamua ni kwamba bei hushuka pamoja na kazi. Anayetaka kulipa pungufu anaweza kuchagua mkao wa kupumzika badala ya mabawa yaliyofunguliwa, kwa kuwa bawa lililokunjwa huficha kasoro nyingi na kuokoa saa 2 au 3, au anaweza kukubali kungoja mpaka niwe na wanyama wawili wa aina moja wa kudabighiwa kwa pamoja. Hatua ya kukwangua mafuta haipunguzwi kwa bei yoyote. Jamaa na marafiki wana punguzo moja linalofahamika, nalo ni akiba ya hasara. Wakichukua punguzo hilo, wanachukua na hatari yake, na ngozi ikishindwa wanalipia saa zilizotumika. Ndugu yangu mmoja alisoma sharti hilo akalipa bei kamili.

Wale niliowaahidi kazi kabla ya mwaka huu watatengenezewa kwa makubaliano ya zamani, na majina yao yapo kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari. Hakuna jina jipya linaloongezwa hapo.

Kinachofuata ni kupima upya saa za njiwa, ambazo zimeanza kupungua, na kuamua kama upungufu huo umrudie mteja au ubaki kwangu. Kwa sasa unabaki kwangu mpaka orodha ya kungoja ipungue chini ya miezi mitatu. Ikizidi miezi sita, ujira wenyewe ndio utakaopanda, na orodha yote nao.